Nyasi za uani Mtwara: mbolea iwekwe lini, na ndago zinatolewaje?

Mwenye Ua (Shangani, Mtwara)

Waungwana, salaam. Najua wakati huu wa minada ya korosho wengi wenu mna mambo mazito zaidi ya kuwaza kuliko nyasi za mbele ya nyumba, lakini nimefika mahali ambapo nahitaji ushauri wa watu wanaoijua hali ya hewa ya huku kwetu.

Ua wangu wa mbele una nyasi zenye upana wa mita 10 na urefu wa mita 15. Sehemu kubwa ni ukoka, na pembeni, chini ya mwembe, kuna nyasi za majani mapana zinazotambaa ambazo alizipanda mwenye nyumba aliyenitangulia. Udongo ni mchanga mtupu. Ukimwaga ndoo ya maji, baada ya dakika chache huoni dalili kwamba kulimwagwa kitu. Kuanzia Juni hadi Oktoba ukoka hugeuka rangi ya makuti, jambo ambalo silalamikii sana, kwa kuwa maji ya kumwagilia ua wote sina.

Tatizo ni kwamba nimejaribu kufuata maelekezo ya mtandaoni na nimekutana na kalenda mbili ambazo zote hazinifai. Ya kwanza ni ya Ulaya na Marekani, inayotaka mbolea iwekwe majira ya machipuko na tena kabla ya baridi, na dawa ya kuzuia magugu iwekwe pale udongo unapopanda kufikia nyuzi joto 13. Hapa Shangani udongo hauwi baridi kiasi hicho hata Julai. Ya pili imeandikwa na mtu wa Dar es Salaam, naye anazungumzia vuli na masika, ilhali sisi tuna msimu mmoja tu wa mvua.

Novemba mwaka jana ilinyesha mvua moja kubwa, nami nikaona ndiyo nafasi. Nilinunua kilo 5 za urea katika duka la pembejeo, muuzaji akaniambia nitawanye kwa mkono kama mtu anayelisha kuku. Nilifanya hivyo saa 12 asubuhi, umande ukiwa bado kwenye majani. Mvua haikurudi kwa wiki tatu. Kufikia siku ya nne nyasi zilikuwa zimeungua kwa mabaka yenye umbo la upinde, kila baka likionyesha mahali nilipozungusha mkono. Mvua ziliporudi, kilichoota kwanza kwenye mabaka hayo kilikuwa ndago. Niliporudi dukani nikauziwa dawa iliyomiminwa ndani ya chupa ya maji ya kunywa, nikahakikishiwa kwamba inaua magugu na haigusi nyasi. Iliua nyasi kwa mstari mrefu wa upana wa bomba la kupulizia, na ndago zikarudi baada ya mwezi.

Naomba kujua mambo matatu: mbolea iwekwe mwezi gani na kwa kiasi gani, magugu yashughulikiwe lini, na ndago hasa zinatokaje.

Bwana Shamba Mstaafu (Naliendele)

Mwanangu, pole. Nimefanya kazi ya ugani katika wilaya za mkoa huu kwa muda mrefu, zaidi kwenye mikorosho, ufuta na mihogo, lakini nyasi nazo ni zao kama mazao mengine na kanuni zake ni zilezile.

Nianze na kalenda. Ya wazungu haina kosa kwa mahali ilipoandikwa. Nyasi zao nyingi ni za jamii inayopenda ubaridi, zinazodhoofika wakati wa joto na kustawi hali ya hewa inapopoa, ndiyo maana huzilisha kabla ya baridi. Ukoka wako ni wa jamii inayopenda joto. Hata huko Marekani, katika majimbo ya kusini ambako ukoka huu hupandwa sana, huulisha majira ya joto na si majira ya baridi. Kwa hiyo ungepaswa kutazama kitu kimoja tu: nyasi hulala kwa sababu gani? Kwao hulala kwa baridi, kwetu hulala kwa kiu. Mbolea hupewa nyasi iliyoamka, na hapa Mtwara kinachoiamsha ni mvua za msimu, ambazo kwa kawaida huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kwisha Aprili, pengine mwanzoni mwa Mei, na mara nyingi hukatika katikati, Januari au Februari, jambo ambalo kila mkulima wa mahindi wa huku analijua kwa uchungu. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa mvua hizi za Novemba hadi Aprili kabla hazijaanza. Usikilize kama anavyousikiliza mwenye shamba.

Kosa lako la Novemba lilikuwa mara tatu kwa mkupuo mmoja. Ulilisha nyasi ambayo haijaamka, kwa kuamini mvua moja. Ulitupa mbolea juu ya majani mabichi kwa umande, na chembe ya urea ikishika kwenye jani lenye unyevu huyeyuka hapohapo na kulichoma kama chumvi. Kisha kipimo chenyewe kilizidi. Tuhesabu pamoja: urea ina asilimia 46 ya naitrojeni, hivyo kilo 5 zina kilo 2.3, ua wako ni mita za mraba 150, basi kila mita moja ya mraba ilipata gramu 15 za naitrojeni. Kipimo cha kawaida kwa nyasi za nyumbani hakizidi gramu 5 kwa mkupuo, na kwa mchanga wa Shangani mimi ningetoa nusu yake, gramu 2.5, kwa sababu mchanga hauna cha kuishikia na mvua inayofuata huiteremsha chini ya mizizi, pengine hadi kwenye kisima cha jirani. Na ile ambayo haikuunguza wala kuzama, nyingi ilipaa. Urea iliyobaki juu ya udongo wenye joto na unyevu kidogo hugeuka hewa ya amonia. Ukiinama unaweza hata kuisikia harufu yake, kama ya banda la kuku lisilofagiliwa.

Kwa ua wako, basi, nusu kipimo maana yake ni gramu 800 hivi za urea, au kilo 1.4 za CAN ambayo ina naitrojeni ya asilimia 27, au kilo 2.2 za NPK 17:17:17, yaani yenye asilimia 17 kila moja ya naitrojeni, fosfeti na potashi. Kati ya hizo ningekushauri CAN kwa matumizi ya kawaida, maana haipai upesi kama urea na haiongezi uchachu wa udongo kama SA, yaani salfeti ya amonia. Suala la uchachu si dogo katika mkoa huu. Salfa tunayopuliza kwenye mikorosho kila mwaka dhidi ya ubwiri unga huishia ardhini na kuufanya udongo uwe mchachu, na ukiwa na nyumba iliyojengwa juu ya kiwanja kilichokuwa shamba la mikorosho, kabla ya kununua mbolea ya aina yoyote ungefanya vema kupeleka udongo ukapimwe. Huenda kinachohitajika kwanza ni chokaa ya kilimo. Shangani sidhani kama hilo linakuhusu, ila wapo wanaosoma hapa wakiwa Mangamba na kwingineko pembezoni mwa mji.

Utaratibu wenyewe ni huu. Subiri mvua zishike na ukoka uwe umerudi kijani kwa wiki mbili au tatu. Kwa mwaka wa kawaida hiyo ni katikati ya Desemba. Pima mbolea kwa mizani, changanya na mchanga mkavu ndoo moja ili uione inapoanguka, kisha igawe mafungu mawili. Fungu la kwanza litawanye ukitembea kutoka getini kwenda barazani, la pili ukikatisha kutoka ukuta hadi ukuta. Majani yawe makavu, udongo uwe na unyevu, na kazi ifanyike alasiri ambapo wingu linaonekana au una uhakika wa maji ya kunyunyizia mara tu umalizapo. Rudia kila baada ya wiki tano au sita endapo mvua inaendelea, na ikikatika Februari, wewe nawe katisha. Mara ya mwisho iwe Machi, na hapo ndipo ningetumia NPK badala ya CAN, kwa ajili ya potashi inayosaidia nyasi kustahimili ukame. Kuanzia Mei usiweke chochote. Nyasi inayolazimishwa kuchipua wakati maji yanaondoka huingia kiangazi ikiwa na majani laini na mizizi mifupi, na mchwa hawapati tabu nayo.

Kuhusu ile dawa ya chupa ya maji, nitasema kwa kifupi kwa sababu nikianza sitamaliza. Viuatilifu vyote husajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, na vinapaswa kuuzwa katika chombo chake chenye lebo inayotaja kiambata na kipimo. Kilichomiminwa kwenye chupa ya maji hakina jina, na siku moja mtoto atakinywa. Kwa maelezo yako nadhani ilikuwa glaifoseti, ambayo haichagui. Ukoka na gugu kwake ni kitu kimoja.

Mama wa Mikindani

Ninakubaliana na mzee isipokuwa kwa jambo moja: nyasi za nyumbani hazihitaji mbolea mara zote hizo. Kwangu tunakata kila wiki wakati wa mvua, kwa mashine iliyonolewa, na majani yaliyokatwa tunayaacha palepale yaoze; kwa njia hiyo karibu robo ya naitrojeni ambayo nyasi inaitaka kwa mwaka hurudi yenyewe. Sharti ni kutokata zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mara moja. Wengi wetu huacha nyasi zifike magotini, kisha tunamwita kijana mwenye fyekeo azikate hadi mchanga uonekane, na baada ya hapo tunashangaa magugu yanatoka wapi, ilhali tumeyafungulia jua wenyewe.

Mwezi wa Desemba huongeza mboji iliyochekechwa, tabaka la nusu sentimita tu, ambalo kwa ua wa mita za mraba 150 ni kama toroli 12. Iwe mboji iliyoiva. Mwaka mmoja niliweka samadi mbichi ya ng'ombe, na kishonanguo iliyoota baada yake tuliing'oa hadi sikukuu ya Pasaka. Siku hizi, kabla ya kununua, huchomeka fimbo katikati ya lundo na kuiacha kwa muda. Ikitoka ya moto kiasi cha kushindwa kuishika, najua lundo linapika mbegu, nami narudi baada ya miezi miwili.

Neno la mwisho ni kuhusu maji. Walio karibu na bahari na wanaomwagilia kwa maji ya kisima wayaonje kwanza. Yakiwa na chumvi, kila tone la kiangazi linaongeza chumvi juu ya udongo, na mbolea ya chumvichumvi ikija juu yake nyasi huungua hata kama kipimo ni sahihi. Ngojeni mvua mbili tatu kubwa zioshe ndipo muweke.

Mwenye Ua (Shangani, Mtwara)

Shikamoo mzee, na shikamoo mama. Nashukuru sana, hesabu ya gramu 15 imenifanya nicheke na kusikitika kwa pamoja. Maji ya kisima changu yana ukakasi kidogo, hivyo nitasubiri kama mama alivyoelekeza. Nyasi za chini ya mwembe nazo nizikate kimo kimoja na ukoka? Na bado sijapata jibu la ndago. Nimezing'oa kwa mkono mara nne tangu Januari na kila mara zimerudi nyingi kuliko zilizotangulia.

Mkulima wa Mitwero (Lindi)

Ndugu yangu, kuhusu ndago naomba nijibu mimi, kwa kuwa nilipambana nazo kwa misimu mitatu kabla sijaanza kuona nafuu.

Kwanza uhakikishe kwamba ni ndago kweli. Chuma bua moja, liviringishe kati ya kidole gumba na cha shahada: ukoka huzunguka bila kikwazo, ndago hukwama kwenye pembe zake tatu. Ukishajua hivyo utaelewa pia kwa nini dawa nyingi za magugu ya majani mapana hazizigusi. Ndago ni jamii nyingine kabisa. Haiko upande wa nyasi wala upande wa majani mapana.

Kuhusu kung'oa, sababu ya kurudi nyingi ni hii. Nilichimba mche mmoja kwa uangalifu, nikifukua mchanga kwa vidole badala ya kuvuta, na chini yake nikakuta uzi mwembamba mgumu uliounganisha viazi vidogo vyeusi, saba kwa mnyororo mmoja, kila kimoja na ukubwa wa punje ya karanga na harufu kali kidogo ukikikwaruza kwa ukucha. Cha juu ndicho kilichokuwa kimechipua. Vile vingine sita vilikuwa vimelala, na vitabaki hivyo maadamu cha juu kiko hai. Unapovuta mche, uzi hukatika, na viazi vilivyobaki hupata ruhusa ya kuchipua kila kimoja kivyake. Jembe hufanya vibaya zaidi, kwa kuwa hukata minyororo na kuisambaza ua mzima.

Mimi nilifanya mambo mawili tofauti kulingana na mahali. Kwenye sehemu ambayo nyasi zilikuwa zimekwisha kabisa, kama huo mstari wako ulioungua, nilichimba kwa uma wa bustani kina cha sentimita 20 mwezi wa Septemba, nikachekecha mchanga kwa wavu wa kuchekechea mchanga wa ujenzi, nikaokota viazi na kuvianika juu ya bati hadi vikakauka kabisa. Usivitupe kwenye mboji. Baadaye nilipanda vipande vya ukoka mvua ziliposhika, nikivipanga karibu karibu, kwa sababu ndago haivumilii kivuli. Ukoka ukishafunga, hupungua yenyewe. Kwenye sehemu ambayo nyasi bado zilikuwa hai, sikuchimba. Niliondoa majani ya ndago kila baada ya wiki mbili bila kuruka, kwa kisu kidogo, kabla mche haujafikisha majani sita, maana muda huo kiazi kinatoa akiba yake na bado hakijaanza kulipwa. Kiazi kikinyang'anywa hivyo mara kwa mara huchoka. Wewe ulizing'oa mara nne tangu Januari. Kati ya mara hizo ndago zilipata muda wa kutengeneza viazi vipya.

Glaifoseti nilitumia pia, ila kwa brashi ndogo ya rangi, nikipaka jani moja moja la ndago lililokuwa changa na lenye afya, siku isiyo na mvua. Ikipakwa jani likiwa limenyauka kwa kiu haishuki hadi kwenye kiazi. Kazi hii inachosha mgongo, na kwa mita za mraba 150 sikushauri uifanye popote isipokuwa kandokando ya njia na ukutani.

Bwana Shamba Mstaafu (Naliendele)

Marahaba, mwanangu. Nyasi za chini ya mwembe ziache ndefu, sentimita 6 hadi 8, na ukoka ukate kwenye sentimita 3 au 4. Mahali penye kivuli cha mwembe usipeleke mbolea nyingi. Pana jua dogo, na nyasi hazitaweza kuitumia. Nusu ya kile unachoweka juani kinatosha.

Maelezo ya ndugu wa Lindi ni sahihi, naongeza mawili. Ipo dawa yenye kiambata cha halosalfuroni inayoua ndago bila kuua ukoka. Uliza katika duka lenye leseni, usome lebo kama imesajiliwa kwa matumizi ya nyasi, na kama hawanayo basi rudi kwenye kisu. La pili ni 2,4-D, ambayo mtaelekezwa kwa ajili ya kishonanguo na wenzake wa majani mapana. Inafanya kazi na ukoka huivumilia, lakini hewa yake husafiri. Mwezi wa Desemba upepo wa kaskazi ukiwa unavuma, ukipulizia saa sita mchana, mipapai na mihogo ya jirani itakunja majani kabla hujamaliza kuosha bomba. Pulizia alfajiri kusipokuwa na upepo, na bomba hilo lisitumike tena kwenye mboga. Kwa magugu machache, kung'oa kwa mkono siku ya pili baada ya mvua, mchanga ukiwa bado laini, kunatosha. Mbigili uzitoe kabla hazijachanua, kwani miiba yake ndiyo mbegu.

Dawa za kuzuia mbegu zisiote, kama pendimethalini, ndizo zile ambazo wazungu huweka udongo ukianza kupata joto. Kwetu huwekwa kabla tu ya mvua kushika, mwishoni mwa Novemba, na huhitaji maji kidogo ya kuzishusha juu ya udongo. Mahali utakapopanda vipande vya ukoka usiziweke msimu huo, zitazuia mizizi.

Mwenye Ua (Shangani, Mtwara)

Nimeelewa, mzee. Jumamosi naanza kuchekecha mstari ulioungua. Swali langu la mwisho: nitajuaje kwamba mvua zimeshika kweli, nisije nikarudia kosa la kuamini mvua moja?

Bwana Shamba Mstaafu (Naliendele)

Chukua kopo lenye kuta zilizonyooka, la maziwa ya unga kwa mfano, ulikite katikati ya ua mbali na mwembe na paa. Kila baada ya mvua ingiza rula, soma milimita, andika kwenye karatasi, kisha mwaga. Jumla ikizidi milimita 50 ndani ya siku kumi, na katika siku hizo iwe imenyesha mara tatu au zaidi, chukua panga ulichomeke kwenye mchanga hadi sentimita 15 na ulichomoe. Ubavu wa panga ukitoka na mchanga uliogandamana hadi nchani, unyevu umefika kwenye mizizi. Ukitoka na mchanga juu tu na ncha ikiwa safi, mbolea ibaki stoo, kwenye mfuko uliofungwa, juu ya ubao na si juu ya sakafu.